Kitivo Kabla ya Chuo: Tarehe ya Taaluma katika Migori na Homa Bay

Neno kitivo, kabla halijapandishwa daraja na kuandikwa juu ya milango ya vyuo vikuu, lilikuwa neno la wakulima, nao walilitumia kwa ardhi ya bondeni yenye unyevu na rutuba, ile ambayo mtu akiitupia mbegu kwa mkono mmoja huirudia kuvuna kwa mikono miwili. Neno idara nalo tumelipata kwa Waarabu, na shina lake ni lile lile lililotupa duru na duara, yaani kuzunguka na kuzungusha. Maana kuendesha jambo, kwa fikira za wenye lugha hiyo, ni kulifanya lizunguke pasipo kusimama. Basi wanazuoni wetu walipoyatwaa maneno haya mawili, wakaita kitivo lile fungu kubwa la elimu ndani ya chuo kikuu, na idara yale mafungu madogo yaliyomo ndani yake, walituachia pasipo kukusudia mizani ya kupimia tarehe ya chuo chochote: udongo wake ni upi, gurudumu lake ni lipi, na katika hayo mawili ni lipi lililotangulia?

Swali hilo nalileta kwa ajili ya nchi iliyo kusini mwa Ghuba ya Winam, nchi ya kaunti mbili za Homa Bay na Migori, ambazo serikali ya Kiingereza iliziweka pamoja na Wagusii katika wilaya kubwa ya Kavirondo ya Kusini, na ambazo baadaye zilijulikana kwa jina moja la Nyanza ya Kusini. Mtu akiuliza elimu ya juu ilianza lini huko, jawabu jepesi li tayari: Chuo Kikuu cha Rongo kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kikapewa hati ya kujitegemea mwaka 2016, na katika mwaka huo huo wa 2016 Chuo cha Tom Mboya kikaundwa mjini Homa Bay chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha Maseno, nacho kikapata hati yake mwaka 2022. Tarehe hizo ni sahihi, wala sina la kuzipinga. Ila ni tarehe za gurudumu. Udongo una tarehe yake, nayo ni ndefu mno kuliko hiyo, kwa kuwa kazi ambazo leo zimepewa majina ya isimu, ualimu, historia, akiolojia na elimu ya wadudu zilikuwa zikifanywa katika nchi ile miaka mingi kabla hati yoyote haijatiwa saini. Zilifanywa mahali mbalimbali, na watu mbalimbali, na aghalabu mavuno yake yalichukuliwa yakahifadhiwa katika ghala za wengine.

Tuanze na nyumba isiyokuwa na kibao. Katika maisha ya Wajaluo wa zamani palikuwa na nyumba ya mwanamke mzee, aliyeitwa pim, na nyumba hiyo ilijulikana kwa jina la siwindhe. Humo watoto walikwenda kulala baada ya chakula cha jioni, wakasikia ngano na vitendawili, wakajua nasaba za koo, wakafunzwa adabu za unyumba ambazo wazazi wao wasingethubutu kuzitaja mbele yao kwa haya. Wanaume walikuwa na duol, kibanda cha mwenye boma, ambamo moto uliwashwa jioni na wazee wakazungumza habari za mipaka, mifugo, vita na sheria, ilhali vijana wameketi kando wakisikiliza. Mgawanyo huo wa masomo haukuandikwa katika daftari lolote, lakini kila mmoja alijua ni lipi la kuulizwa siwindhe na ni lipi la kuulizwa duol. Katika Dholuo kufundisha ni puonjo, na kujifunza ni puonjore, yaani tendo lile lile likimrudia mtendaji wake, kama nasi Waswahili tunavyotoa kujifunza katika kufunza; lugha zote mbili, moja ya mto Nile na moja ya pwani, zimekubaliana kwamba mwanafunzi ndiye mwalimu wa kwanza wa nafsi yake, na japuonj, mwalimu, humsaidia katika kazi ambayo hawezi kumfanyia.

Katika nchi hiyo aliingia, mwaka 1906, Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, akiwa pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Wakapanda kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay, wakaanzisha hapo kituo cha kwanza cha Waadventista wa Sabato katika Kenya. Kwa mwinjilisti kitabu ni chombo kama jembe lilivyo chombo kwa mkulima, wala kitabu hakiandikwi kwa lugha ambayo haijapewa tahajia. Kwa hiyo Carscallen aliketi na wenyeji, akaandika sarufi ya Dholuo, akaanza tafsiri za maandiko, na ilipofika mwaka 1913 Gendia ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, ambao ndio asili ya nyumba ya uchapaji ya Africa Herald iliyoko Kendu Bay hata leo.

Hebu msomaji azingatie ni kazi gani iliyofanywa katika chumba kile. Dholuo ina sauti za th na dh, ambazo ulimi huzitoa ukigusa meno, na ina t na d za kawaida, na kuchanganya moja na nyingine ni kubadili maana. Irabu zake ambazo sikio la mwenyeji huzibagua ni tisa, ilhali herufi za Kirumi zilizoletwa kuziandika ni tano tu. Na toni, ambazo zinaweza kutenga neno na neno, hazina alama katika maandishi ya kila siku. Mtu aliyelazimika kuamua mambo haya, akauliza, akaandika, akafuta, akauliza tena, alikuwa akifanya kazi ile ile inayofanywa na mhadhiri wa isimu, na wale waliomtamkia maneno mara kumi hata akayapata walikuwa wahadhiri wenzake, ingawa sarufi ilibaki na jina la mmoja na wengine wakasahauliwa. Nami sifichi kwamba chumba kile kilikuwa na mipaka yake. Misheni ilitaka lugha ili ipitishe dini, ikawakataza waumini wake pombe na tumbaku na ngoma, na kwa hiyo ilichota maneno ikaacha nje nyimbo nyingi zilizoyabeba. Idara ilipatikana, lakini ilikuwa idara yenye madirisha upande mmoja.

Baada ya lugha ukaja ualimu. Kamagambo, mahali palipo karibu na mji wa Rongo, Waadventista walikuwa na kituo tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 walikuwa wakifundisha walimu hapo. Asumbi, upande wa Homa Bay, mapadri wa Kikatoliki wa shirika la Mill Hill walijenga misheni ambayo nayo ilizaa shule na chuo cha walimu. Madhehebu haya mawili hayakupendana, na kila moja liliogopa kwamba kilima kisichokuwa na shule yake asubuhi kingekuwa na shule ya mwenzake jioni. Lakini husuda hiyo, kama husuda ya wake wenza inavyoweza kumshibisha mume, iliwapatia wenyeji shule nyingi kuliko zile ambazo moyo mmoja wa ukarimu ungewapa. Kwa msichana faida ilikuwa maradufu, maana shule ya bweni ilikuwa pia boma la kumkinga na ndoa asiyoitaka, na watawa wa Mtakatifu Yosefu wa Asumbi, shirika la wanawake Waafrika lililochipuka katika ardhi ile ile, waliifanya kazi ya kufundisha kuwa wito wa maisha ya mwanamke.

Wenye kusoma tarehe ya vyuo vikuu hupenda kuruka vyuo vya ualimu, kana kwamba ni ngazi ya chini isiyostahili kutajwa mbele ya wageni. Mimi naona kinyume chake. Chuo cha ualimu cha zamani kilikuwa na walimu wachache, kila mmoja akibeba masomo matatu au manne. Hesabu na bustani ziliweza kuwa chini ya mtu mmoja, na nyimbo zikawa chini ya yule aliyefundisha jiografia. Kwa umaskini huo wa watu ilipatikana mali ambayo vyuo vikubwa huinunua kwa gharama: mwanafunzi alimwona mwalimu wake akivuka kutoka elimu moja hadi nyingine pasipo kuomba ruhusa mpakani. Waliohitimu humo wakaenda vijijini na vitabu vyao, na kwa muda mrefu mwalimu wa shule ya kijiji ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua, mfasiri wa amri za serikali na mhifadhi wa kumbukumbu za ukoo.

Katika udongo huo aliota Paul Mboya. Alilelewa na misheni ya Gendia, akawa mchungaji wa Kiadventista miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kupewa daraja hilo, kisha akawa chifu wa Karachuonyo. Na mwaka 1938 alitoa kitabu kwa Dholuo, Luo Kitgi gi Timbegi, kinachoeleza desturi na mwenendo wa Wajaluo. Mtu mmoja amekuwa mchungaji, mtawala na mwandishi wa mila ambazo kanisa lake lilikuwa na mashaka nazo: hapo pana mgongano wa kutosha kuvunja moyo wa mtu dhaifu, lakini yeye aliufanya kuwa kazi. Chifu huyu hakuwa na shahada, wala Kenya ya wakati wake haikuwa na chuo kikuu cha kumpa, lakini alifanya yale yanayotakiwa na idara yoyote ya anthropolojia: alikusanya, akapanga kwa milango, akaeleza kwa lugha ya wale wale anaowaeleza, ili waweze kumsahihisha. Sharti hili la mwisho ni zito kuliko mengine yote. Mtaalamu Mwingereza Evans-Pritchard alipita kwa Wajaluo mwaka 1936 kwa muda wa wiki chache, akaandika makala ambazo wasomi wa ulimwengu walizisoma. Kitabu cha Mboya kilisomwa na wenye desturi zenyewe, ambao wangeweza kumsimamisha njiani wakamwambia, hapa jaduong', yaani mzee wetu, umekosea.

Kusafiri kwa mavuno ndiko kulikokuwa balaa ya nchi hii, wala si mavuno ya maneno peke yake. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey aliona kwenye mteremko vipande vya mfupa, na vilipounganishwa likapatikana fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani asiye na mkia, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Fuvu hilo lilipakiwa likapelekwa Uingereza, likachunguzwa Oxford, nalo likakaa katika nchi ya ugeni miongo kadhaa kabla ya kurejeshwa Kenya. Hata mfupa, basi, ulilazimika kupanda ndege kwenda kutafuta idara. Rasi ya Homa nayo imekuwa ikichimbwa tangu Louis Leakey alipofika Kanam na Kanjera katika miaka ya 1930, na mwaka 2023 watafiti walitangaza habari za Nyayanga, mahali kwenye rasi hiyo hiyo, palipopatikana zana za mawe pamoja na mifupa ya viboko, zenye umri unaokadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Wavuvi walipitisha mashua zao mbele ya pwani hiyo kwa vizazi na vizazi, na maprofesa wa mbali wakapata vyeo kwa ajili yake.

Ikiwa mifupa ilisafiri, watu je? Tom Mboya, ambaye baba yake alitoka Rusinga akaenda kusimamia kazi katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, alizaliwa huko shambani mwaka 1930, akasomea kazi ya ukaguzi wa afya mjini Nairobi, akapata mwaka mmoja wa masomo katika Ruskin College, Oxford, kuanzia 1955, wala hakupata kuwa na shahada. Labda mtu aliyeusimamia mlango pasipo kuingia ndiye anayejua vyema upana wake. Wakati ule Waafrika wa Kenya, Uganda na Tanganyika walitegemea Makerere, na nafasi za Makerere zilihesabika. Mboya akaenda Marekani akanena na marafiki, watu maarufu kama Jackie Robinson na Harry Belafonte wakatia majina yao katika barua ya kuomba michango, na Septemba 1959 ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata jamaa ya Kennedy ilitoa dola 100,000, na mpaka mwaka 1963 vijana wa Afrika ya Mashariki waliokwisha kuvuka kwa njia hiyo walikaribia 800.

Wengi wao hawakwenda katika vyuo vikuu vyenye majina ya kutisha. Walipokewa na vyuo vidogo vya Marekani, vilivyo katika miji midogo, ambavyo desturi yake ni kumpa kijana elimu pana kabla ya kumpa kazi: idara nzima ya historia huweza kuwa na watu wanne, mwanafunzi wa sayansi hulazimika kusoma falsafa na fasihi, na mwalimu humjua mwanafunzi kwa jina na kwa udhaifu wake. Wangari Maathai, mwenyeji wa Nyeri, alipelekwa mwaka 1960 katika chuo cha namna hiyo kilichoendeshwa na watawa wa Kibenedikto huko Atchison, Kansas, akasoma bayolojia. Aliporudi nyumbani alipata shahada ya udaktari Nairobi mwaka 1971, na mwaka 1976 akawa mwenyekiti wa idara ya anatomia ya mifugo, mwanamke wa kwanza kuongoza idara katika chuo kikuu kile. Barack Obama mkubwa, mwana wa Kanyadhiang' karibu na Kendu Bay, hakuwa abiria wa ndege ya 1959, lakini alivuka mwaka huo huo kwa njia yake mwenyewe, akaenda kusoma uchumi Hawaii. Kijana aliyezaliwa karibu na kilima cha Gendia alihitaji bahari mbili ili afikie idara ya uchumi. Hesabu hiyo ya masafa inaeleza hali ya elimu ya Nyanza ya Kusini wakati ule kuliko takwimu nyingi.

Uhuru ulipokuja, gurudumu liliwekwa Nairobi, na mara watu wakaanza kuuliza linazunguka kwa nani. Mwanahistoria Bethwell Ogot aliwaendea wazee wa Kijaluo, akayapima masimulizi yao ya uhamaji kwa vizazi na nasaba, na mwaka 1967 akatoa tarehe ya Wajaluo wa kusini iliyowalazimisha wanahistoria kukiri kwamba kumbukumbu ya mdomo ni ushahidi. Siwindhe na duol zikapata kiti mbele ya baraza. Mwaka uliofuata, Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba, mtafiti wa nyimbo za nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, walipeleka waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pakae idara inayoiweka Afrika katikati, na fasihi simulizi mlangoni. Waraka ule uligeuza mafundisho ya fasihi katika Kenya nzima. Nyimbo ambazo misheni ziliziacha nje ya chumba zikaingia chuo kikuu kwa mlango mkubwa, ingawa ziliingia mjini, mbali na ziwa.

Mtu aliyelirudisha gurudumu ziwani alikuwa bingwa wa wadudu. Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931 na kusoma Maseno, Makerere na Cambridge, alianzisha idara ya elimu ya wadudu katika Chuo Kikuu cha Nairobi na akawa amidi wa kwanza wa kitivo chake cha kilimo. Lakini aliona kwamba idara za kufundisha peke yake hazitamkomboa mkulima, na mwaka 1970 akaanzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, kiitwacho ICIPE, ambacho baadaye kilijenga makao ya utafiti Mbita, mkabala na Rusinga, mahali panapoitwa leo kwa jina lake. Huko Mbita, katika miaka ya 1990, Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Rothamsted wa Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya funza wa mabua ya mahindi. Walipanda baina ya mistari ya mahindi mmea uitwao desmodiamu, ambao harufu yake huwafukuza nondo, na kulizunguka shamba wakapanda majani ya nepia, ambayo huwavuta. Mdudu husukumwa kutoka ndani na kuvutwa nje, akataga mahali ambapo watoto wake hawasitawi.

Na hapo likatokea jambo ambalo halikutafutwa. Shamba lenye desmodiamu lilionekana kuwa limesalimika na kayongo. Kayongo ni jina la Dholuo la gugu lenye ua zuri la zambarau na tabia mbaya ya kushika mizizi ya mahindi chini ya ardhi likanyonya maji na chakula, na mbegu zake huweza kulala udongoni miaka mingi zikingoja. Wakulima wa Nyanza walilijua tangu zamani, wakalipa jina, wakaeleza kwamba hupenda ardhi iliyochoka. Mizizi ya desmodiamu ilikuwa ikitoa kemikali za kuizuia kayongo isishike. Elimu hiyo ya Mbita imesafiri tangu wakati huo mpaka nchi nyingine nyingi za Afrika. Ila safari hii mavuno yalianza kuliwa nyumbani, na neno la mkulima mwenyewe likaingia katika mazungumzo ya maabara. Hiyo ndiyo kazi ya kitivo kwa maana zake zote mbili.

Kwa hiyo Rongo ilipofunguliwa mwaka 2011, na Homa Bay ikafuata, hati za serikali hazikutua jangwani. Tumaini lilikuwa kubwa, na haraka ilikuwa kubwa zaidi, maana miaka ile vyuo vikuu vya Kenya vilikuwa vikizaa matawi katika miji midogo kama mgomba unavyozaa machipukizi, na machipukizi mengine yalikauka. Rongo, katikati ya nchi ya miwa, ilijengewa vitivo vya elimu, kilimo na mazingira, sanaa na sayansi za jamii, biashara na sayansi, ikapewa pia kimoja cha habari, mawasiliano na ukutubi. Na kwa mtu anayekumbuka mtambo wa Gendia, kitivo hicho cha mwisho ni mjukuu aliyezaliwa yapata karne moja baada ya babu yake. Tom Mboya, chuo kinachobeba jina la mtu asiyekuwa na shahada, kiliketi mjini Homa Bay, kando ya maji yanayokwenda Rusinga alikozikwa baada ya kuuawa mwaka 1969.

Maisha ya idara katika vyuo vichanga kama hivi yana sura inayofanana mno na ile ya Kamagambo ya zamani. Wahadhiri wa kudumu ni wachache, wa muda ni wengi, na mhadhiri mmoja hufundisha isimu asubuhi, fasihi mchana, akasimamia mazoezi ya ualimu kwa wanafunzi waliotawanyika katika shule za vijijini. Mkuu wa idara ni karani wa ratiba, msuluhishi wa ugomvi wa alama, na mwandishi wa barua za kuomba viti. Wengi huliona jambo hili kuwa aibu ya kupita, litakalokwisha fedha zikipatikana. Fedha zinahitajika, na mtu asiyelipwa kwa wakati hawezi kuambiwa kwamba umaskini ni hekima. Lakini udogo una ilimu yake, na vile vyuo vidogo vilivyowapokea wasafiri wa Mboya viliutumia kwa makusudi: ambapo watu ni wachache, mwanahistoria hana budi kunywa chai na mwenzake wa kilimo, na katika chai hiyo swali la mmoja huangukia kikombe cha mwingine.

Maswali yenyewe hayapungui. Kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori ziko kuta za Thimlich Ohinga, mawe yaliyopangwa pasipo chokaa wala udongo, mengine yakipanda kimo cha zaidi ya mita nne, boma ambalo inakadiriwa lilijengwa katika karne ya 16 na ambalo UNESCO ililitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ni somo la mwanahistoria, na la mhandisi, na la mtu wa hesabu pia. Mashariki wako Wakuria, ambao lugha yao na koo zao zimekatwa na mpaka wa Tanzania, na mpaka huo ni darasa la sheria na siasa lisilohitaji kitabu. Na visiwani Rusinga na Mfangano, na katika pwani inayovielekea, wako Wasuba, watu ambao asili ya wengi wao ni ng'ambo ya ziwa upande wa Uganda, ambao lugha yao ya Kibantu, Olusuba, imemezwa na Dholuo kizazi baada ya kizazi, kwa ndoa na biashara, na kwa shule ambazo vitabu vyake vya mwanzo viliandikwa kwa Dholuo. Sarufi ya Gendia, iliyoiinua lugha moja, ilichangia kuifunika nyingine. Hilo nalo ni fungu la tarehe ya idara, wala haifai kulificha.

Mfangano wako wazee ambao bado huisema Olusuba, na makumbusho ya Wasuba yaliyoko kisiwani yamejitahidi kuhifadhi mambo yao. Kutoka Homa Bay hadi huko ni safari ya barabara mpaka Mbita na ya mashua baada ya hapo, safari ya siku moja kwa mtu mwenye daftari. Carscallen alitoka mbali zaidi, na Ogot alitembea zaidi. Idara ya lugha itakayovuka maji hayo kabla wazee hawajamalizika, ikaketi, ikauliza, ikaandika, ikafuta, ikauliza tena, na safari hii ikaandika jalada kwa majina ya wote walioketi, haitahitaji mtu wa kuitafutia mwaka wa kuanzishwa.